Fumo Liyongo Bila Miujiza: Namna ya Kuandika Riwaya ya Kihalisia Kutokana na Kisa cha Shujaa

Riwaya ya kihistoria inayosimulia upya kisa cha shujaa wa kale hubakiza mifupa ya hadithi ambayo wasomaji wanaijua tangu utotoni, kisha huivika nyama ya zama halisi: njaa, magonjwa, majira ya pepo, bei ya nafaka, na watu ambao mshairi hakuwa na haja ya kuwataja. Mary Renault alifanya hivyo kwa Theseus wa Wagiriki katika The King Must Die (1958), akamfanya shujaa huyo kuwa mtu mfupi na mwepesi ambaye ushindi wake unatokana na ufundi wa mieleka badala ya ukubwa wa maungo. Bernard Cornwell alifanya hivyo kwa Arthur wa Uingereza katika riwaya tatu zilizotoka kati ya 1995 na 1997. Alimwondoa katika kasri za mawe na mavazi ya chuma yanayong'aa, akamweka katika matope ya nchi ambayo Warumi walikuwa wamekwisha kuiacha. Katika Kiswahili, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) ni tamthilia na si riwaya, lakini inafundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi: maji ya dawa hayazuii risasi, ila imani juu ya maji hayo inawaunganisha watu na kuwapeleka vitani, na hilo ni kweli ya kihistoria kama risasi zenyewe.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, kisa cha Fumo Liyongo kinafaa kwa kazi ya namna hii kuliko kingine chochote. Ushairi wake umehifadhiwa. Matukio yake yana mantiki ya kisiasa ambayo miujiza haikuifunika sana. Pwani anakotajwa, yaani Pate, Shaka, Ozi na mdomo wa mto Tana, imechimbwa na wanaakiolojia kiasi cha kutosha kumpa mwandishi vyungu, kuta na mifupa ya samaki ya kuanzia. Anayeandika juu ya Lwanda Magere wa Waluo au Mwanamalundi wa Wasukuma atakutana na maswali yaleyale, ingawa majibu yatatofautiana.

Wengi wanaoanza hudhani uhalisia ni damu: vichwa vikatwe, matumbo yamwagike, kila mtu anuke jasho. Damu ni rahisi kuandika na huchosha upesi. Kinachofanya kisa cha kale kiaminike ni gharama. Kila tendo kubwa katika utendi lina mtu aliyelilipia, na mara nyingi mtu huyo hatajwi, au hutajwa kwa jina moja tu na kupita. Liyongo akila, kuna aliyetwanga. Akitoroka gerezani, kuna walinzi watakaosimama mbele ya mfalme asubuhi wakijieleza. Mwandishi anayejiuliza katika kila tukio ni nani aliyelipia hapo, na kwa nini alikubali, atapata sura nzima za riwaya ambazo utendi haukuwa na nafasi nazo.

Kazi huanza kwa kuyaweka masimulizi ubavu kwa ubavu. Edward Steere alichapisha kisa cha Liyongo kwa nathari, pamoja na mashairi yanayonasibishwa naye, katika Swahili Tales ya mwaka 1870. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alitunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, na huo ndio ambao wengi wameukuta shuleni. Zipo tumbuizo na nyimbo za gungu zinazosemwa kuwa za Liyongo mwenyewe, ipo takhmisi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, na yapo masimulizi ya Wapokomo wanaomhesabu Liyongo kuwa sehemu ya historia yao. Yote yasomwe kabla ya kuandika mstari mmoja. Si kwa ajili ya kutafuta lipi ni sahihi. Hakuna hakimu wa kesi hiyo. Yasomwe ili kuona ni sehemu gani za kisa hazibadiliki, na ni zipi kila msimulizi amejipa uhuru nazo.

Mihimili yenyewe ni michache. Mfalme wa Pate, Daudi Mringwari, anamwogopa jamaa yake mwenye nguvu. Waoromo, ambao utendi unawaita Wagala, wanakuja kununua chakula, wanamwona Liyongo, wanataka kupata mbegu yake, naye anaoa kwao na kupata mtoto wa kiume. Wasanye na Wadahalo wanakodiwa kumuua chini ya mkoma na wanashindwa. Anafungwa, mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, anakata minyororo wakati ngoma ya gungu ikilia. Mwanawe anashawishiwa, anapata siri, anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji. Mihimili hii isiguswe. Msomaji wa Kiswahili atamkubali Liyongo mfupi, mgonjwa au katili. Hatamkubali Liyongo aliyefia kitandani.

Baada ya mihimili huja swali la zama, na ndilo linaloangusha riwaya nyingi. Wataalamu wamemweka Liyongo mahali mbalimbali katika kipindi kirefu, wengine karne ya 12 au 13, wengine karne ya 16 au hata ya 17. Utendi wenyewe umechanganya tabaka za wakati, kama yalivyo masimulizi yote yaliyopita midomoni mwa watu wengi. Mfalme anawaahidi wauaji reale mia, sarafu iliyoletwa na biashara ya Wazungu. Waoromo wanatajwa kama majirani wa kawaida wa Pate, ilhali walienea hadi upande wa Tana mwishoni mwa karne ya 16 na katika karne ya 17. Hapohapo, mazingira ya kisa yanafanana na ya miji ya zamani zaidi. Shanga, katika kisiwa hichohicho cha Pate, ulikaliwa tangu karne ya 8 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15.

Mwandishi hawezi kukaa katika karne zote hizo. Achague moja na akubali matokeo yake. Akichagua miaka ya 1600, Waoromo wanakaa vizuri mahali pao na reale zinakubalika, lakini Wareno wamo. Ngome yao ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, bunduki zipo, na mfalme wa Pate hawezi kufanya siasa bila kutupia jicho upande wa kusini. Liyongo wa upinde katika dunia ya baruti ni mtu wa zama zinazokwisha, na riwaya inapata huzuni yake bila kuitafuta. Akichagua miaka ya 1300, Wareno hawapo na upinde ndio silaha kuu. Hapo Waoromo watabidi wawe wafugaji wengine wa bara, na reale zigeuke nguo, shanga na pembe za ndovu. Chaguo la kwanza ni bora kwa anayependa siasa, la pili kwa anayependa upweke wa shujaa. Chaguo baya ni lile la katikati, ambapo mtu anapigwa risasi katika ukurasa mmoja na katika ukurasa unaofuata wafanyabiashara wanazungumzia Shanga kama mji ulio hai.

Zama huonekana kwanza jikoni. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, nyanya, papai, nanasi, korosho na tumbaku vyote asili yake ni Amerika, na viliingia pwani hii baada ya Wareno. Riwaya ya karne ya 14 inayomlisha Liyongo ugali wa mahindi imejimaliza katika sura ya kwanza. Alikula mtama, mawele, wimbi, mchele, ndizi, nazi, samaki. Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, aliandika kwa makini juu ya chakula alichoandaliwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi mbichi. Mombasa aliona watu wanaoishi kwa ndizi na samaki, nafaka yao ikiletwa kutoka pwani ya bara, misikiti yao ikiwa ya mbao, na waumini wakitembea pekupeku na kuosha miguu mlangoni. Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo ya mapambo ya jumba la mfalme. Hiyo habari ya nafaka kutoka bara nayo inafungua mlango wa siasa: kisiwa kinachotegemea chakula cha bara hakiwezi kuwadharau watu wa bara, na mtu kama Liyongo, mwenye jamaa na wakwe huko, ameshika funguo za ghala. Hofu ya mfalme inapata sababu ambayo hata msomaji asiyependa mashujaa ataielewa.

Jiografia nayo ina kauli. Pate ni kisiwa, na vyombo huufikia mji wa Pate maji yanapojaa. Yakipwa, chombo hukaa juu ya tope kikisubiri. Shaka, mji wa Liyongo, kwa kawaida huwekwa pwani ya bara karibu na Kipini na Ozi. Kwa hiyo mwendo maarufu wa Liyongo, wa siku nne kwa siku moja, unapita mikoko, vijito na mlango wa bahari. Mwandishi anayeyajua maji hahitaji muujiza. Anahitaji mtu anayejua bamvua na maji mafu, mwenye watu wa kumvusha kwa mtumbwi usiku, anayefika asubuhi wakati kila mtu anaamini bado yuko njiani. Kwa safari ndefu zaidi kuna mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, na tanga lake la mkeka. Chombo hicho huvuja, na mtu wa kukumba maji hapumziki. Nyumba za mawe zisijazwe kila mahali. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton pale Shanga katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kwa vizazi vingi mji ulikuwa wa miti, udongo na makuti, na chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti midogo ya mbao.

Miujiza ishughulikiwe mmoja mmoja, kwa sababu haifanani. Ipo inayotokana na kutia chumvi: urefu wa Liyongo, sauti ya panda lake, ule mkoba aliotoa ndani yake kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga mbele ya Waoromo waliokuja kumtazama. Hiyo haina haja ya kuelezwa kwa sayansi. Inatosha kuuliza ni nani aliyefaidika kwa kuieneza. Mfalme anamsifu Liyongo mbele ya wageni, na sifa hizo zinamfaa mwenyewe: Pate ina mtu kama huyu, kwa hiyo bei ya chakula ni hii. Katika riwaya, mkoba unaweza kuwa kituko kilichopangwa, wapagazi watano wamefichwa nyuma ya ukuta, na Liyongo akiuona upuuzi wake huku akijua kwamba hana budi kuucheza. Mtu aliyelazimishwa kuishi ndani ya sifa zake ni mhusika mzuri kuliko jitu.

Tukio la mkoma halihitaji kufanyiwa lolote, na hapa waandishi wengi huliharibu kwa kuliongezea. Wauaji wanapendekeza kwamba kila mtu apande kwa zamu yake kuchuma makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu, mikono imeshika makuti. Liyongo anayatungua makoma kwa upinde kutoka chini. Ni mtego wa watu wanaoijua kazi yao, na jibu ni la mtu aliyekwisha kuutambua. Kilichobaki kwa mwandishi ni kuwapa Wasanye na Wadahalo utu wao. Hawa ni wawindaji wa msituni waliosifika kwa upinde na kwa sumu ya mshale, inayopikwa kwa magome na mizizi ya mti hadi igeuke lami nyeusi. Utendi unawatumia kama vifaa vya mfalme. Riwaya inaweza kuuliza kwa nini wawindaji wanaomfahamu Liyongo porini walikubali fedha ya mjini, na walirudi vipi kwa mfalme mikono mitupu. Mfalme aliyeona wasiri wa njama yake wakirudi wazima ana tatizo jipya, na wao wanalijua.

Sura ya gereza ndiyo inayopaswa kuandikwa polepole kuliko zote, kwa sababu kila kitu ndani yake kinawezekana. Mama yake Liyongo, Mbwasho, anapeleka chakula kizuri kupitia kijakazi Saada. Walinzi wanakila chote. Kwa wimbo, Liyongo anatuma ujumbe: uokwe mkate wa wishwa, na tupa iwekwe ndani. Walinzi wanaona wishwa, wanamtupia mfungwa. Werevu wa kisa hiki umekaa katika dharau. Kilichopita mlangoni kilipita kwa sababu hakuna mlinzi anayejiheshimu ambaye angekigusa. Mwandishi akijaribu kuukanda unga wa wishwa mwenyewe ataona jambo ambalo utendi umeliruka. Wishwa haishikani. Mkate wake hupasuka, na tupa ya urefu wa kiganja ingejitokeza kwenye ufa. Mbwasho atalazimika kuchanganya kitu cha kuugandisha, labda unga wa mtama au ndizi iliyopondwa, lakini kidogo tu, maana mkate ukionekana mzuri utaliwa. Wanawake wawili jikoni usiku, wakibishana juu ya ubaya unaotosha wa mkate mmoja: hapo pana mvutano kuliko katika mapigano mengi.

Kisha kuna chuma chenyewe. Chuma kilifuliwa na mafundi wa pwani. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi na machimbo yao ya chuma. Pingu za namna hiyo ni laini kuliko za kiwandani, kwa hiyo tupa nzuri itazikata, ila kwa saa nyingi, kwa kelele na kwa vumbi linalong'aa ambalo lazima lifichwe. Ndiyo sababu Liyongo, alipoulizwa haja yake ya mwisho, aliomba gungu. Ngoma, matari, upatu na vigelegele vya mji mzima vinafunika msuguano, naye anaimba kutoka ndani ili waitikiaji wapandishe sauti anapokata na wateremke anapopumzika. Mwandishi amsikilize fundi chuma akikata nondo kwa tupa kabla ya kuandika. Atajua sauti hiyo ina mdundo, kwamba tupa huteleza ikishika jasho, na kwamba kiganja cha mkono huchubuka kabla chuma hakijafika nusu. Mtu anayeimba bila kukosea wakati ngozi ya mkono inamtoka hahitaji kuwa na urefu wa mnazi ili awe shujaa.

Baada ya hapo yasiachwe maswali ya asubuhi. Saada ndiye aliyeleta mkate, na Saada ni mtumwa. Utendi unamtuma na kumsahau. Katika mji ule, mfungwa akitoroka kwa tupa iliyoletwa na kijakazi, si Mbwasho atakayeulizwa kwanza. Riwaya ya kihalisia ya Liyongo inayompita Saada kimya imekosa sababu ya kuandikwa. Si lazima afe. Anaweza kuwa alijua yaliyomo, na akadai kitu kabla ya kubeba.

Ugumu mkubwa wa kisa uko mbele zaidi: kwa nini Liyongo anamwambia mwanawe siri ya kifo chake? Katika utendi baba anahisi hila, na bado anasema. Majibu mepesi hayafai hapa. Akiwa mjinga, riwaya imeanguka, kwani msomaji amemwona akiwashinda wawindaji na walinzi. Akiwa amechoka na maisha tu, kifo chake kinakuwa cha kujitakia na mwana anabaki bila uzito. Jibu lenye nguvu litoke kwa mwana. Huyu ni kijana aliyezaliwa na mama wa bara, mtoto wa ndoa iliyofanywa kwa ajili ya mbegu. Hana cheo Pate, anaahidiwa cheo na binti wa mfalme, na amemwona baba yake zaidi katika nyimbo kuliko uso kwa uso. Akiuliza siri, anauliza pia kama yeye ni mtoto au ni tunda la mapatano. Baba anayejibu anajibu swali hilo la pili. Kwa njia hii kila mmoja anakuwa na haki yake, na mauaji yanauma pande zote mbili.

Sindano ya shaba humtatiza mwandishi wa kihalisia, lakini bila sababu. Kitovu ni mahali ambapo ukuta wa tumbo ni mwembamba. Sindano ya nguo haitoshi. Inahitajika shazia, ile ndefu ya kushonea mikeka, na ya shaba itabidi ifuliwe sana ili isipinde. Ikipenya hadi utumbo, mtu hafi papo hapo. Uchafu wa utumbo humwagika ndani, homa hupanda, tumbo hukakamaa kama ubao, na mgonjwa huona nafuu kidogo akikunja magoti na kutulia bila kutikisika. Huchukua siku kadhaa. Utendi unasema Liyongo alikufa akiwa amepiga goti kisimani, mshale umeelekezwa, na watu wakakaa siku wasithubutu kusogea. Maiti haiwezi hivyo katika joto la pwani. Ukakamavu wa kifo huja baada ya saa chache na kulegea ndani ya siku moja na ziada, na ndege na inzi hufika mapema zaidi. Mtu anayekufa polepole kwa jeraha la tumbo, aliyejikokota hadi kwenye maji kwa kiu ya homa, na ambaye hawezi kukaa mkao mwingine kwa maumivu, anaweza. Hivyo tukio lililoonekana la ajabu kuliko yote ndilo ambalo tiba inalikubali kwa urahisi zaidi, ilimradi mwandishi akubali kumwacha hai kwa siku mbili au tatu akiwa amezungukwa na mji wenye kiu. Bei ya maji inapanda. Watoto wanalia. Mama yake anaombwa akamsihi, na anakwenda bila kujua kama anazungumza na mtu au na maiti.

Kuhusu kwa nini shaba na si chuma, isielezwe. Wahusika wanaamini hivyo, na inatosha. Mwandishi anayekatiza kisa ili kutafsiri kila imani kwa lugha ya maabara anawadharau watu wake.

Msimulizi achaguliwe kwa kufikiria nani alibaki hai. Cornwell alimpa kazi hiyo Derfel, askari wa zamani wa Arthur aliyezeeka kuwa mtawa, anayeandika kwa ajili ya malkia kijana anayependa toleo tamu la kisa; mvutano kati ya anachokumbuka mzee na anachotaka kusikia malkia unabeba vitabu vyote vitatu. Kwa Liyongo kuna mtu wa namna hiyo katika kila kona: mlinzi aliyekula chakula, mwitikiaji wa gungu aliyetambua sauti ya tupa na kunyamaza, mwana aliyefukuzwa na mfalme baada ya kumtimizia haja yake. Liyongo mwenyewe asisimulie. Shujaa anayejieleza kwa nafsi ya kwanza huwa ama mwenye majisifu ama mnyenyekevu wa kuchosha.

Ukatili uwe na mipaka ya kisanaa. Ubakaji unaotumiwa kuonyesha tu kwamba zama zilikuwa mbaya, kisha mwanamke akasahauliwa katika sura inayofuata, ni uvivu. Utumwa usifanywe pambo la mandhari wala usifichwe kwa aibu. Jina la Wagala linaweza kubaki midomoni mwa wahusika wa Pate, kwa kuwa ndivyo walivyosema, lakini mwandishi akisema kwa sauti yake mwenyewe atumie Waoromo, ambao wana jina lao na hawalipendi lile walilobandikwa. Wapokomo, Wadahalo na Wasanye nao wapo hadi leo, na watasoma. Dini iingie kama inavyoingia katika maisha ya watu wa pwani: katika adhana, udhu, viapo, hofu ya kumuua jamaa, bila mahubiri na bila dhihaka.

Lugha ni Kiswahili sanifu kilichotiwa Kiamu kwa kipimo. Maneno machache ya kaskazini katika mazungumzo ya Mbwasho yatampa sauti yake. Yakijaa kila mstari, msomaji wa Mwanza au Lubumbashi ataweka kitabu chini. Muda uhesabiwe kwa sala na kwa maji ya bahari, si kwa dakika. Vipimo viwe vya shibiri, mkono, kibaba na pishi. Nyimbo za gungu ambazo kisa kinazidai zitungwe upya kwa mizani ya tumbuizo. Kunukuu beti za zamani katikati ya nathari mpya huifanya nathari ionekane chakavu, na ni vigumu kushindana nazo.

Mwishoni mwa kitabu yawepo maelezo mafupi ya mwandishi, kurasa mbili zikizidi. Yaseme ni karne ipi iliyochaguliwa na kwa nini, matukio gani yametoka kwa Kijumwa, yapi kwa Steere, na yapi yamebuniwa. Jina la mhusika aliyetungwa litajwe wazi, maana baada ya miaka michache kutakuwa na mwanafunzi atakayemwandika katika mtihani kuwa ni mtu wa kweli. Pale ambapo riwaya imekwenda kinyume na utendi, kama kumwacha Liyongo akiwa hai kisimani, kukiri huko kuwe kwa sentensi moja bila kuomba radhi.